Firigisi ya Mzee

Khalayi alikuwa ameshika upawa, firigisi ya kuku ikielea kwenye supu, mjukuu wake alipoinyooshea kidole. “Na hii je, Kukhu?”

Tangu asubuhi msichana huyo wa Nairobi alikuwa akimfundisha nyanya yake Kiingereza hivyo. Kitu kikiwa chako, sema “mine”. Kikiwa cha mwingine, mgeukie mwenyewe useme “yours”. Leso, mine. Raba za mtoto, yours. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa Khalayi aliuinua upawa. Firigisi katika boma hili huliwa na mwanamume. Tangu aolewe ameipasua, ameitoa mchanga, ameipika, akampakulia mzee. Ladha yake haijui.

Mzee alikuwa ameshanawa, anamega tonge la obusuma, ugali wa nyumbani. “Haya, mjibu mwalimu wako,” alisema kwa ucheshi, akisogeza sahani yake karibu na upawa.

Mvuke ulimpanda Khalayi usoni. Aliitazama ile nyama ndogo iliyojikunyata, inang’aa mafuta. Kisha akamgeukia mumewe, akamtazama vizuri.

“Mine,” akasema, akaitia mdomoni na kuanza kuitafuna polepole.