Nusu ya Baba

Pampu ya tangi la kioo la sebuleni ilikuwa ikinung'unika gizani, kabla hakujapambazuka. Siku tano zilikuwa zimepita tangu Mashavu amkate kwa wembe anemoni wao, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, ili mumewe anayehama aende na nusu yake. Nusu zote mbili zilikuwa zimejikunja kama ngumi.

"Umemuua, mama Tunu," mumewe alisema, begi begani, ndoo ya maji ya chumvi mkononi.

"Huyu hukatwa akachipua, bwana. Hebu tazama kwanza."

Akawasha taa. Binti yao akabandika pua kwenye kioo. Nusu ya mama ikakunjua minyiri yake, mmoja mmoja. Ile ya pili haikutikisika. Baba akaitua ndoo sakafuni.

"Baba, wako bado hajaamka," Tunu akasema.