Majibu Kutoka Rotterdam

Bi Zena aliipiga kaunta kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Wiki ya tatu hii! Barua yangu mmeitia wapi?"

Wateja wote waligeuka. Duka la intaneti la Yogesh, ghorofani Mtaa wa Narung'ombe, lilikuwa na kompyuta sita na feni moja, na sauti ya mama huyu ilitosha kulijaza lote. Mwaka ule maduka ya namna hiyo yalikuwa yakifunguliwa Kariakoo kila kukicha, na watu waliozoea foleni za posta sasa walipanda ngazi kwa Yogesh.

Bi Zena alizipanda ngazi hizo kila Alhamisi, kwa mguu wake mbovu. Kompyuta hakuijua. Alikaa mbele ya Selina, mwanamke mpole wa makamo aliyehudumia wateja, akasema ya moyoni mwake, Selina akayaandika na kuyatuma kwa Zahoro. Zahoro ndiye mwanawe wa pekee, baharia aliyeteremka Rotterdam akabaki huko huko. Alhamisi iliyofuata, Bi Zena alikuta jibu limechapwa, akasomewa, akalikunja na kulitia mkobani. Zahoro aliuliza hali ya mguu. Zahoro aliuliza kama maji ya mafuriko ya Jangwani yameingia tena nyumbani kwake. Zahoro alisema, vumilia mama.

Lakini wiki tatu zilizopita, Bi Zena aliandikisha barua isiyo ya salamu. Sukari ilikuwa imeula mguu. Daktari alitaka ukatwe, naye alikataa kutia dole gumba kwenye fomu mpaka apate neno la mwanawe. Tangu siku hiyo, kimya.

"Kidole cha pili kimeshakuwa cheusi," alisema sasa, akimnyooshea Selina mkono. "Daktari kaniambia mwisho Jumamosi. Barua ile ulituma, hukutuma?"

Selina aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe!"

"Sikutuma, mama. Nilisahau."



"Ulisahau?" Bi Zena aliipiga kaunta tena. "Ulisahau mguu wangu? Mimi nakaa usiku kucha nasema mwanangu kanitupa, namlaani mtoto niliyemzaa, kumbe ni wewe, umekaa hapo unakunywa chai?"

"Kosa langu, mama. Nisamehe."

"Sikusamehe! Mungu ananisikia, sikusamehe!"

Yogesh alitoka ofisini, uso umemwiva. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo hayakufika kumi. "Selina, chukua vitu vyako. Usirudi hapa."

Selina hakubisha. Alikusanya khanga yake na miwani. Alipofika mlangoni alisimama, akamtazama Bi Zena machoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Nenda hospitali leo, mama. Wakate. Usingoje jibu."

"Toka!" Bi Zena alipiga kelele. "Toka kabla sijakufanya kitu! Hata haya huna!"

Viatu vya Selina vilisikika vikishuka ngazi. Hasira ya Bi Zena haikushuka navyo. Alitaka polisi. Alitaka Selina alale ndani japo siku moja, na kwa polisi alitaka kwenda na ushahidi mkononi.

"Ushahidi upo," alisema Manan, fundi wa mitambo, aliyekuwa kwenye pembe yake muda wote. "Shikamoo, mama. Sogea huku."

"Marahaba. Nionyeshe."

Manan alimwekea kiti. Alimweleza kwamba programu ya kutuma barua ilikuwa na tabia ya kusema kila inachofanya, ila ilisemea kwenye skrini nyeusi, maneno yakapita mbio na kupotea. Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, alichoshwa na malalamiko ya wateja. Akaandika amri moja tu, na tangu hapo kila neno la programu ile likawa linakwenda kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mfumo: siku, saa, barua imetoka kompyuta ipi, imefika au haikufika. Hakuna aliyeweza kuifuta, hata Yogesh mwenyewe.

"Basi nisomee alivyosahau," alisema Bi Zena.

Manan aliandika jina la Zahoro. Mistari ikashuka. Alikunja uso.

"Hakusahau. Aliituma siku ile ile, saa tano na dakika nne."

"Sasa alinidanganyia nini?"

"Ilirudishwa. Anwani hiyo ilishafungwa, mama." Alipandisha mistari, akaendelea kupandisha, kidole kikienda taratibu zaidi. "Na ya kabla yake ilirudishwa. Na ya kabla ya hiyo. Zote. Tangu Ramadhani hakuna hata moja iliyopokelewa."

"Mashine yako inasema uongo!" Bi Zena alifungua mkoba, akamwaga karatasi mezani, rundo zima lililokunjwakunjwa. "Na majibu haya? Mwanangu ananijibu kila wiki! Haya yametoka peponi?"

Manan aliivuta kibodi. Aliandika amri nyingine, safari hii akitafuta barua zilizoingia kwa jina la Zahoro, si zilizotoka. Yogesh aliinama nyuma yake kusoma, kisha akageuka ghafla kutazama ngazi.

"Sema!" Bi Zena alifoka. "Yametoka wapi?"

"Humu ndani, mama," alisema Manan. "Kompyuta ya Selina. Kila Jumatano jioni, baada ya sisi kufunga."