Bogonvilia ya Mama Mkwe

Kabla msumeno haujazama kwenye shina, Mgeni aligeuka kumtazama mama mkwe wake. Alitaka kuhakikisha kwamba anaona.

Bibi kizee alikuwa kibarazani kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa shuka mapajani. Kiharusi kilimnyang'anya miguu, mkono mmoja na maneno. Muuguzi alisema macho na masikio ni mazima, na ulimi nao huenda ukarudi polepole. Subira yavuta heri, na Mgeni alikuwa nayo ya kutosha kugawia majirani.

Jina hilo la Mgeni alipewa na bibi huyohuyo siku alipoolewa, likamganda mpaka leo nywele zinaota mvi. Kila alfajiri alitolewa kitandani kwenda kufagia maua ya bogonvilia uani, lisibaki hata moja. Alifagia akiwa na mimba. Alifagia asubuhi aliyorudi hospitali mikono mitupu, na mama mkwe akasimama mlangoni kumwonyesha kwa kidole mahali aliporuka bila kufagia. Akinung'unika huambiwa, "Mti huu umekutangulia hapa." Alimchukia yule mwanamke, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Sasa kibao kiligeuka. Kwenye kitalu cha miche alikofanya kazi alikuwa amejifunza bonsai: jinsi mti mkubwa unavyokatwa mizizi, ukafungwa nyaya na kulazimishwa kuishi kibeti ndani ya bakuli. Alipomweleza mumewe, mume alijikuna kichwa.

"Utamuumiza mama," alisema. "Mti wenyewe mimi nimezaliwa nikaukuta."

Mgeni alimjibu kwamba mti hautakufa, yeye mwenyewe atautunza. Na hapo hakusema uongo.

Alipomaliza kukata shina alichimba mtaro kulizunguka, akatenganisha mizizi minene kwa shoka, akaung'oa mti kwa mtaimbo. Miiba ilimchana mikono, hakujali. Kilichobaki kilikuwa kisiki kisichofika goti. Alipokiinua juu kibarazani waone wote, macho ya bibi yalikuwa yamelowa. Mgeni alisikia utamu ambao hakuupata hata siku ya harusi yake.

Basi ikawa ndiyo shughuli ya kila asubuhi. Husukuma kiti mpaka mezani na kuliweka bakuli alimopanda kisiki karibu kabisa na uso wa bibi. Chipukizi likijitokeza, hulinyofoa. Tawi likitaka kunyooka, hulizungushia waya na kulipinda mpaka liguse udongo. Hufanya bila haraka, huku akieleza kama mwalimu.

"Hili lilitaka kwenda juu, mama. Tumelikataza."

Bibi hutweta tu, mkono wake mzima umeshika ukingo wa meza. Siku moja mume alitaka kumrudisha mama yake ndani asiendelee kuteseka, lakini bibi aling'ang'ania gurudumu, kiti kikakataa kwenda. Mgeni alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia mumewe amwache, mapenzi hayo.

Alikuwa akingoja jambo moja. Alitaka ulimi urudi, asikie kwa masikio yake akiombwa aache. Hata usingizini aliyasikia maombi hayo, na jibu lake alishaliandaa zamani: hapana.

Mti ulipotoa maua yake ya kwanza tangu ung'olewe, madogo lakini mekundu vilevile, Mgeni aliyanyofoa moja moja na kuyaangusha mapajani pa bibi. Midomo ya bibi ikaanza kucheza. Mgeni akaweka plaizi chini haraka, akainama, akamtegea sikio. Moyo ulimdunda kwa furaha.

"Waya wa kushoto umelegea," bibi alisema, akitafuta kila neno. "Kaza. Niliomba nisife kabla sijauona mti wa mama mkwe wangu ukiteswa hivi."