Mstari Mahali Palipopaswa Kuwa Peupe

Mstari mweusi ulipojitokeza kwenye skrini, profesa alipiga meza kwa furaha.

"Si nilikwambia, mwanangu? Protini zetu mbili zinashikana!"

Ndivyo walivyotega: kingamwili inainasa protini ya kwanza, na kama ya pili imeng'ang'ania hapo, inavutwa nayo na kuacha mstari.

Mtafiti wake kijana alikuwa akitazama safu ya pembeni, ya sampuli ya kulinganishia, ambayo haikuwa na protini ya kwanza hata chembe. Pale palipaswa kuwa peupe. Palikuwa na mstari uleule, mwembamba kama kope.

"Profesa, hiyo si protini yetu. Ni kingamwili yenyewe, uzito wake ni sawa na wa protini ya pili, ndiyo maana mstari umekaa palepale. Mtego umejinasa."

Furaha ilimkauka profesa usoni. "Wafadhili wameshafika getini. Ikate hiyo safu, ibaki moja. Nani atajua?"

"Mimi."

"Usinivunjie heshima leo, tafadhali."

Mtafiti aliichapisha picha nzima, safu zote mbili, akaibandika kwenye mlango wa chumba cha mkutano. Kisha akavaa glavu, akarudi kwenye friji kutafuta kingamwili nyingine ya kurudia jaribio.

Sauti za wageni zilisikika ngazini. Profesa alishika ncha ya karatasi, akaibandua kidogo.

Mtafiti alimwona, lakini hakuacha kupanga mirija yake.

Profesa aliirudishia ile ncha, akaikandamiza kwa kiganja kizima.

"Hizo glavu," akauliza bila kugeuka, "kubwa za kunitosha na mimi zipo?"