Mikono ya Chiriku

Fundi viatu hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na dirisha lenye kioo, wala hakuwa na mtu wa kumweleza ni nini alichokuwa akililia mjukuu wake.

Mtoto alisimama katikati ya chumba, baina ya viatu visivyo na soli. Alikunja ngumi mbili, akazigonganisha, akazitenganisha kwa nguvu, kisha akanyoosha kidole mlangoni. Akaanza upya. Babu alimpa maji, akakataa. Alimpa mkate, akausukuma. Alitoka naye nje, akamwonyesha paka, ndoo, baiskeli ya jirani. Kila alipokosea, kilio kilizidi. Mwishowe mtoto alichoka, akalala juu ya vipande vya ngozi, na babu hakupata kujua kamwe alikuwa ameambiwa nini.

Msichana huyo alizaliwa kiziwi, na mama yake alifariki akiwa bado anamnyonyesha. Hakuna aliyewahi kumfundisha ishara hata moja, kwa hiyo alijitungia za kwake. Nyundo ilikuwa na ishara yake, njaa nayo ilikuwa na yake, na babu alikuwa kidevu kinachokunwa. Majirani walimwita Chiriku, kwa kuwa mikono yake haikunyamaza.

"Chiriku wako jana kahutubia mtaa mzima," jirani mwenye baiskeli alimtania asubuhi. "Ila sote tumetoka kapa."

"Ngoja aende shule," fundi alijibu. "Siku hiyo bubu utakuwa wewe."

Shule ya viziwi ilikuwa ng'ambo ya mji. Ilipokea watoto wapya mpaka umri wa miaka minane, basi. Chiriku alikuwa anakaribia kutimiza tisa. Ili mtoto aingie, ilitakiwa barua ya mtaalamu aliyemchunguza, na mtaalamu, fundi alikuwa naye, alhamdulillahi. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, mama mpole mwenye kamera, ambaye tangu Chiriku akiwa mdogo sana alikuja kila mwezi kurekodi jinsi mtoto anavyozungumza kwa mikono. Kila mwaka aliiandikia shule. Kila mwaka alirudi ameinamisha uso: "Nafasi zimejaa, mzee wangu."

Fundi alimsikiliza kwa kila jambo. Fundi cherehani wa pale kona, kiziwi aliyesoma katika shule hiyohiyo, aliwahi kumwandikia kwa chaki juu ya kitambaa: "Niletee mtoto jioni. Nitamfundisha lugha ya ishara." Mtafiti alipoambiwa, alitikisa kichwa.

"Atamchanganya. Aanze shuleni, aanze vizuri."

Fundi akarudi kwa fundi mwenzake, akaweka mkono kifuani kuomba radhi. Yule alimkazia macho kwa muda mrefu, halafu akafuta maandishi na kuendelea kushona.

Mchana wa siku ileile ya utani wa jirani, mtafiti alikuja. Fundi akamsimulia kilio cha jana.

"Ngumi mbili?" Macho yalimng'aa. "Hiyo ni mpya! Mwambie arudie."

"Nitamwambiaje, Daktari?"

Mtafiti akafanya mwenyewe. Alikunja ngumi, akazigonganisha, akazitenganisha. Chiriku aliruka kutoka alipokuwa ameketi. Hatimaye kapatikana wa kuelewa! Alilieleza jambo lake lote kwa haraka, akaelekeza mlangoni, akamshika mtafiti mkono wa gauni, akasubiri jibu usoni pake.

Mtafiti alikuwa anatazama ndani ya kamera. "Vizuri sana. Mara nyingine tena."

Mtoto akarudia, polepole. Akasubiri. Kisha akaenda kukaa kwenye kona, uso ukutani.

"Na yule wa cherehani hajaja?" mtafiti aliuliza huku akizima kamera.

"Hajakanyaga hapa. Nilimwambia kama ulivyosema."

"Afadhali."

Fundi akajifuta mikono kwenye aproni, akasimama wima kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Daktari, mwaka huu ndio wa mwisho. Mimi ni mtu mzima. Nikifumba macho, huyu atamwambia nani kwamba ana njaa? Anayemjua ni mimi, na mimi mwenyewe jana nimeshindwa. Waandikie leo, mama. Waandikie kwa uzito."

"Nimekuja na karatasi," mtafiti alisema kwa upole.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, ubao wa kukatia ngozi magotini. Fundi alikuwa anajua kusoma, tena vizuri, lakini aliona si adabu kuchungulia kazi ya mtu. Akampa mgongo, akajifanya anapanga kalibu za viatu.

"Posta nitaipeleka mimi," alisema.

"Usijisumbue, mzee. Nitapita huko."

"Wee! Umehangaika na sisi miaka yote hii. Hili dogo niachie, nami nijisikie nimefanya kitu."

Mtafiti alisita kidogo. Kisha akatabasamu, akaendelea kuandika:

"Mwalimu Mkuu, ninashukuru kwamba mwaka huu pia mmemtengea nafasi mjukuu wa fundi viatu. Kama miaka iliyopita, naomba nafasi hiyo apewe mtoto mwingine. Ishara anazojitungia ndiyo kwanza zimefika patamu, na akijifunza lugha yenu, sitabaki na kitu cha kuchunguza."

Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kidole gumba. Fundi viatu akaipokea kwa mikono miwili, na kabla mtafiti hajamaliza kufunga kamera yake, mzee alikuwa amekwisha fika mbiombio posta ya hapo karibu na kuitumbukiza.