Beti Aliyofunzwa Asubuhi

"Mashairi matamu hivi, Bi Mwanashee, unayatunga saa ngapi?" jirani aliwahi kumuuliza, naye akajibu, "Nikilala." Mtungaji hasa alikuwa mtumwa wake, Zafarani, ambaye kila baada ya swala alimwomba Mungu uhuru. Alitunga akitwanga mpunga, akamkaririsha bibi yake. Bi Mwanashee alishika sauti tu; maana ya maneno hakujisumbua nayo.

Kwenye harusi ya mpwa wake alisimama katikati ya wanawake, akaimba kwa madaha beti ya mwisho aliyofunzwa asubuhi ile:

*Zafarani, toka leo, u huru, nimekuacha,*
*Mola shahidi wa hayo, enenda kutwa na kucha.*

Vigelegele vilipotulia, mwalimu wa chuo cha Kurani, Bi Tima, akauliza, "Kwa hiyo umemwacha huru, mwenzangu?"

"Ah, Mwalimu, shairi tu hilo. Mzaha wa harusi."

"Neno la kumwacha mtumwa huru halina mzaha mbele ya Mungu. Na tumekusikia wanawake arobaini."

"Arobaini na mmoja," akasema bibi harusi ndani ya ushungi wake, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Bi Mwanashee akaketi, akamgeukia Zafarani, aliyekuwa akiwanyunyizia wageni marashi kwa mrashi. "Wewe, sasa nani atanitungia?"

"Nyosha mikono, bibi," akasema Zafarani.

Akamnyunyizia viganja vyote viwili, taratibu, kama anavyonyunyiziwa mgeni wa heshima. Kisha akauweka mrashi mapajani mwa Bi Mwanashee, akafungua mlango wa mbele, akatoka juani.