Kura ya Vigae

Kigae cha kumi na saba mwalimu wa historia alikiandika kwa mkono wa kushoto, ili herufi zitoke kama za mtoto. Alikuwa amekaa juu ya godoro la mazoezi katika stoo ya vifaa vya michezo, mlango ameurudishia, zikiwa zimebaki dakika kumi na moja za mapumziko. Alikuwa anaiba kura. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo maishani, na alishangaa jinsi mkono ulivyoizoea haraka.

Asubuhi alikuwa na nia njema kabisa. Nyumbani alivunja vyungu vinne vya maua, mumewe akamtazama na kuamua kutouliza, naye akaja darasani na mfuko wa vigae. Akawaeleza wanafunzi wake arobaini kwamba watu wa Athene, kule kwa Wagiriki wa kale, walipohofia kuwa mtu fulani amezidi nguvu mjini, walikusanyika na kila mmoja akakwaruza jina kwenye kigae. Aliyepigiwa kura nyingi alihama mji kwa miaka kumi. Hakunyang'anywa mali wala kuvunjiwa heshima, aliondoka tu.

Sasa na wao watapiga, alisema. Atakayefikisha nusu ya kura atakaa nje ya vipindi vya historia kwa siku kumi, maktaba, peke yake.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza kama huyo wa maktaba atafanya jaribio la Ijumaa, lile la kukariri tarehe themanini. Mwalimu akajibu kwa masikitiko kwamba hapana, hilo nalo litampita. Mwingine akauliza kama hizo siku kumi zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Mwalimu alifurahi kuona wanaichukulia demokrasia kwa uzito.

Vigae vilikuwa vimeshaanza kudondoka kwenye ndoo ndipo macho yake yalipotua kwa Redio.

Redio ndilo jina alilopewa mvulana mgeni wiki yake ya kwanza, kwa sababu hazimiki. Alimalizia wenzake sentensi, akawasahihisha majibu, na kengele ikishalia yeye ndiyo kwanza ana swali. Mama yake alipomleta alimvuta mwalimu pembeni. Hii ilikuwa shule ya tatu. Katika zile mbili watoto walimtenga mpaka akagoma kutoka kitandani.

"Mwalimu, wakimkataa na hapa, mimi sina pengine pa kumpeleka," alisema, akaenda zake bila kungoja jibu.

Na sasa mwalimu alikuwa amewapa watoto thelathini na tisa kigae kila mmoja, na ruhusa juu yake. Alijiona mjinga, na aliogopa. Kengele ya mapumziko ilipolia alisema kura zitahesabiwa wakirudi, akabeba ndoo mwenyewe mpaka stoo. Alivimwaga vigae vyote kwenye gunia tupu la mipira bila kuvitazama, akachukua vilivyobaki mfukoni na kuanza kuandika upya. Jina la Redio mara thelathini na tisa hakuwa na moyo wa kuliona.

Mwalimu wa michezo aliingia kuchukua pampu, akamkuta na chaki mkononi na vigae mapajani.

"Unafanya nini?"

"Nasahihisha."

"Kwenye vyungu?"

"Mambo ya Wagiriki."

Jibu hilo lilimtosha, kama linavyowatosha watu wengi, akachukua pampu akaondoka.

Kigae cha arobaini kilikamilika kengele ikilia. Majina alikuwa ameyagawa kwa uangalifu: huyu kura mbili, yule tatu, Redio moja, maana asingepata hata moja darasa lingeshtuka.

Darasani alizisoma kura moja baada ya nyingine, msichana wa dawati la mbele akichora mistari ubaoni. Alipotangaza kwamba hakuna aliyefikisha hata kura nne, kwa hiyo hakuna wa kwenda popote, mguno ukapita darasa zima, mrefu, wa watu waliodhulumiwa. Mwalimu aliusikia na ukamuuma. Kumbe walimchukia mtoto wa watu kiasi hicho. Redio mwenyewe alikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu afike, akiwatazama wenzake. Mwalimu alimtabasamia ili kumtia moyo, kisha akaendelea na vita vya Waajemi mpaka saa ya kutoka.

Walipokwisha kuondoka alirudi stoo. Aliona ni wajibu wake kujua, ili kesho aanze kuwaonya wahusika mmoja mmoja. Alikaa kwenye godoro, akafungua gunia, akatoa kigae cha kwanza, cha pili, cha kumi. Miandiko aliijua yote, kwa kuwa ndiyo aliyoisahihisha mwaka mzima.

Vigae thelathini na tisa vilikuwa na majina thelathini na tisa, na kila mtoto alikuwa ameandika la kwake. Ni Redio peke yake aliyewafikiria wenzake wote: yeye aliandika "Mwalimu".